Sato Ale Nini? Protini ya Mimea na ya Wanyama Katika Chakula cha Samaki wa Kufugwa

Mchukue sato wa kilo moja aliyetoka bwawani, mzima, na magamba na utumbo wake. Ndani yake mna protini ya gramu 160 hivi. Sasa rudi nyuma uangalie alichokula. Ikiwa mfugaji alimchanganyia chakula chenye asilimia 30 ya dagaa, na ikiwa zilihitajika kilo mbili za chakula hicho kumpatia kilo moja ya mwili, jambo la kawaida kwa chakula cha kuchanganywa nyumbani, sato huyo amemaliza gramu 600 za dagaa wakavu. Wakiwa wabichi walikuwa zaidi ya kilo mbili. Dagaa hao peke yao, kabla hatujagusa pumba wala mashudu, walibeba protini ya gramu 350 hivi. Tumetia bwawani protini ya gramu 350 ambayo mtu angeila na ugali, tukavua ya gramu 160.

Naanza na hesabu hii kwa sababu katika mazungumzo ya wafugaji huwa haipigwi. Swali linaloulizwa Mwanza, Kisumu na Jinja ni moja: ipi bora, protini ya wanyama au ya mimea? Na jibu la haraka ni la wanyama, kwani samaki aliyelishwa dagaa anaonekana wazi anavyokua. Jibu hilo lina ukweli, ila ni ukweli wa kambale na wa vifaranga kuliko wa sato mkubwa, na ni ukweli wa kizimba kuliko wa bwawa lililorutubishwa. Kwa kulichukua jibu hilo kuwa sheria ya samaki wote, tumekuwa tukimwaga kwenye maji kitoweo cha watu wa kipato cha chini pasipo haja. Ninachokiona, baada ya kuzipima pande zote mbili, ni kwamba sato anayenenepeshwa anaweza kuishi kwa mimea iliyoandaliwa vizuri, dagaa akabaki kiungo kidogo tu. Ugumu uko kwenye hayo maneno "iliyoandaliwa vizuri", na ndiyo yatakayochukua sehemu kubwa ya uchambuzi huu.

Tuanze na sababu za sifa ya dagaa. Samaki, kama kiumbe chochote, hahitaji protini kwa jina lake; anahitaji asidi amino zinazoijenga. Kumi kati ya hizo mwili wake hauwezi kuzitengeneza, lazima zitoke kwenye chakula. Ikipungua moja tu, zilizobaki hazina kazi, mithili ya fundi aliyeishiwa saruji huku matofali yamejaa uwanjani. Asidi amino zisizotumika mwili huzichoma ili kupata nguvu, na nitrojeni yake hutoka kupitia mashavu ya samaki ikiwa amonia, ambayo huchafua maji yale yale anamoishi. Mfugaji anayenunua chakula chenye protini nyingi lakini isiyo na mizani analipa mara mbili: dukani, na tena bwawani maji yanapoharibika.

Mbili kati ya hizo kumi ndizo huwa za kwanza kuadimika kwenye chakula cha mimea: laisini na methionini. Katika kila gramu 100 za protini anayokula, sato anahitaji laisini ya gramu tano hivi. Dagaa na unga wa samaki kwa jumla hutoa saba au zaidi, soya hutoa sita na ushee, pamba nne hivi, alizeti tatu na nusu. Kwa maneno ya gunia: kilo moja ya unga wa dagaa safi ina laisini ya gramu 45 hivi, kilo ya mashudu ya soya gramu 27, kilo ya mashudu ya alizeti gramu 11, na kilo ya pumba za mahindi gramu nne. Ukitaka chakula chenye protini ya asilimia 30, unahitaji laisini ya gramu 15 kwa kila kilo. Mashudu ya alizeti peke yake, hata ukiyaweka gunia zima, yanakuacha na upungufu wa robo.

Lakini angalia methionini. Huko alizeti ina nafuu na soya ndiyo dhaifu. Gramu 100 za protini ya alizeti zina methionini ya gramu mbili na zaidi kidogo. Za soya hazifiki moja na nusu. Kila moja inaziba pengo la mwenzake, na zote mbili zinalimwa hapa: soya kwenye nyanda za juu za kusini mwa Tanzania na Ruvuma, alizeti Singida na Dodoma. Wengi wanaojaribu chakula cha mimea hushindwa kwa kuwa huchagua zao moja, kisha samaki wakidumaa huhitimisha kwamba mimea haifai. Kilichoshindwa hapo ni mchanganyiko.

Dagaa wana faida nyingine zinazopaswa kutajwa kwa haki. Fosforasi yao, iliyo kwenye mifupa, samaki mwenye tumbo lenye asidi kali kama sato huifikia kwa kiasi kizuri. Hawana sumu za asili za mbegu. Na wana harufu. Samaki hukubali chakula kwa kunusa na kuonja, na chakula cha mimea mitupu mara nyingi huliwa kwa kusitasita hadi punje zinalowa na kuzama. Ndiyo maana hata anayetaka kuwapunguza dagaa hana sababu ya kuwaondoa kabisa: asilimia tatu hadi tano tu inatosha kumvuta samaki ale. Kuwatumia kama kiungo cha ladha na kuwatumia kama chakula chenyewe ni mambo mawili, na kati ya hayo ndipo ulipo upotevu.

Mimea nayo ina siri zake, na wanaoipigia debe bila kuzisema wanawaponza wafugaji. Mmea haukutengeneza mbegu ili iliwe, umeilinda. Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, yaani kemikali zinazozima kimeng'enya ambacho samaki hutumia kumeng'enya protini. Samaki anayelishwa soya mbichi iliyosagwa anashiba na kukonda. Tiba ni moto, na moto huo una kipimo. Ukiwa mdogo, vizuizi vinabaki. Ukizidi hadi soya ikawa kahawia iliyokolea, laisini hujifunga na sukari za mbegu yenyewe na samaki hawezi tena kuitoa, hivyo unateketeza kile kile ulichonunulia soya. Viwanda hutumia kipimo cha yurease: soya iliyosagwa huwekwa kwenye maji ya urea yenye rangi inayotambulisha asidi, na kadiri rangi inavyobadilika haraka ndivyo soya ilivyo mbichi zaidi. Hakihitaji mashine. Kikundi cha wafugaji kinaweza kukifanya juu ya meza, na nashangaa kwamba mafunzo mengi ya ufugaji wa samaki hufundisha uchimbaji wa bwawa kwa siku nzima na hayafiki kwenye kipimo hiki.

Mashudu ya pamba, yanayopatikana kwa wingi Shinyanga na Simiyu, yana gosipoli, rangi ya manjano ya mmea wenyewe. Gosipoli hushikana na laisini, huumiza ini, na kwa samaki wazazi hudhoofisha uzazi. Sato huvumilia kiasi; kwa samaki wa kuchinjwa baada ya miezi michache, sehemu ya kumi hadi ya tano ya chakula haileti madhara ya kuonekana. Wazazi wasipewe kabisa. Mashudu ya karanga yana protini nyingi, yanapita alizeti kwa mbali, lakini ndiyo makazi anayoyapenda ukungu unaotoa sumukuvu. Historia ya sumu hii na samaki ni ya kutisha: mwanzoni mwa miaka ya 1960, trauti katika vituo vya kuzalishia nchini Marekani walipatwa na saratani ya ini kwa makundi, na uchunguzi ukafika kwenye mashudu ya pamba yaliyoota ukungu ndani ya chakula chao. Afrika Mashariki tunaijua sumukuvu kwa msiba wetu wenyewe. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Hatari inayojificha ni kwamba mahindi na karanga zilizokataliwa kwa chakula cha binadamu huishia kwenye chakula cha mifugo, kwa imani kwamba mnyama hadhuriki. Anadhurika. Sato huvumilia zaidi ya trauti, lakini ini lake hulegea, kinga hushuka, na mfugaji huanza kutafuta ugonjwa kwenye maji wakati ugonjwa umo ghalani.

Alizeti haina sumu ya kuogopa, ina maganda. Mashudu yanayotoka kwenye mashine ndogo za kukamulia, ambako mbegu huingia na ganda lake, yana nyuzinyuzi nyingi kiasi kwamba protini hushuka hadi asilimia 25 au chini ya hapo. Mbegu ikikobolewa kabla ya kukamuliwa, mashudu yake hupanda hadi 35 na zaidi. Mashine ya kukoboa ingebadilisha thamani ya zao zima la Singida kwa wafugaji wa samaki na wa kuku pia.

Halafu kuna faiteti. Karibu theluthi mbili ya fosforasi iliyomo kwenye mbegu na pumba imefungwa ndani ya kemikali hiyo, na samaki hana kimeng'enya cha kuifungua. Inapita tumboni na kutoka ilivyoingia. Bwawani si hasara kubwa, kwa kuwa fosforasi hiyo hatimaye hurutubisha maji. Ziwani ni jambo jingine. Ziwa Victoria limekuwa likipokea fosforasi nyingi kuliko linavyoweza kuhimili kwa miongo mingi, kutoka mashambani, mijini na angani, na kila kizimba kinaongeza yake. Chakula chenye gramu kumi za fosforasi kwa kilo, kikitumika kilo moja na nusu kwa kilo ya samaki, kinaingiza gramu 15. Samaki anabaki na nusu hivi, nyingine inabaki majini na kulisha mwani na magugu maji. Dawa yake ipo: kimeng'enya cha faitesi, kinachotengenezwa viwandani, huongezwa kwenye chakula kwa kiasi kidogo sana na kuifungua faiteti tumboni mwa samaki. Mwenye vizimba anayehamia kwenye mimea bila faitesi anahamisha gharama kutoka mfukoni mwake kwenda kwa wanaochota maji ya ziwa.

Mpaka hapa nimesema "samaki" kana kwamba ni mmoja. Sato ana utumbo mrefu sana kuliko mwili wake na tumbo lenye asidi kali inayopasua kuta za mwani. Ameumbwa kula kijani kinachoelea. Protini ya mashudu ya soya huimeng'enya kwa takriban asilimia 90, sawa na ya unga wa samaki. Kwa hiyo yule asemaye kwamba tumbo la sato halikubali mimea amekosea kwa msingi. Kambale ni mwindaji anayekula chochote. Utumbo wake ni mfupi, mahitaji yake ya protini ni makubwa, asilimia 35 hadi 40 dhidi ya 28 hadi 32 za sato mkubwa, na akipunjwa huwageukia wenzake walio wadogo. Yeye anahitaji sehemu ya maana ya protini ya wanyama. Trauti wa mabwawa ya baridi yanayozunguka Mlima Kenya ni mla nyama halisi. Soya ikizidi, ukuta wa utumbo wake huvimba. Anayetoa fomula moja kwa samaki hawa watatu hajui anachokiuza.

Umri nao unabadilisha kila kitu, na hapa ndipo ninapoona nafasi halali kabisa ya dagaa. Kifaranga cha sato kinahitaji protini ya asilimia 40 na zaidi, iliyosagwa laini, yenye harufu. Vituo vya vifaranga hutumia unga wa samaki uliochekechwa, na viko sahihi. Tazama kiasi chenyewe: kifaranga hadi kufikia gramu kumi kitakuwa kimekula chakula cha gramu kumi hivi. Sato huyo huyo hadi afikie nusu kilo atakula gramu 750 au zaidi. Miezi miwili ya mwanzo, ambayo protini ya wanyama ina faida kubwa kuliko wakati wowote, inachukua asilimia moja au mbili tu ya chakula chote cha maisha yake. Mpe kifaranga dagaa bora kabisa, hata kwa bei ya juu, gharama haitaonekana. Ubahili wa wengi umekaa kinyume: vifaranga hupewa pumba kwa kuwa ni wadogo, na samaki wakubwa hupewa dagaa kwa kuwa soko limekaribia.

Makazi ni jambo la tatu. Bwawa lililotiwa samadi vizuri, lenye maji ya kijani ambamo kiganja kinapotea kabla kiwiko hakijazama, linazalisha mwani, wadudu wadogo na viumbe vya matopeni, ambavyo vyote ni protini kamili. Sato wa bwawa hilo anakuja kwenye chakula chako akiwa tayari amepata laisini na methionini bure. Anachohitaji zaidi ni nishati na protini ya kujazia. Kuna mfano mkubwa duniani wa jambo hili. Katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, kuzunguka Ziwa Kolleru, mabwawa makubwa hufuga samaki wa jamii ya karpu, hasa rohu na katla, kwa pumba za mpunga zilizokamuliwa mafuta na mashudu ya mbegu za mafuta, mbolea ikifanya kazi iliyobaki. Unga wa samaki karibu haumo, na wanalisha miji mingi ya India. Wenye mabwawa ya Mbeya, Kakamega au Mukono wana mazingira yasiyo mbali na hayo.

Kizimba hakina zawadi hiyo. Samaki mamia au maelfu wamefungwa ndani ya wavu, mwani unaopita hauwatoshi, na kila asidi amino, vitamini na madini lazima vitoke kwenye punje. Punje yenyewe ni lazima ielee, maana iliyozama imeenda kwa samaki wa porini. Kwa hiyo wenye vizimba wana haki ya kudai chakula kamili, na ndio walioongezeka kwa kasi ziwani katika miaka kumi iliyopita. Hata wao, lakini, hawalazimiki kuwa na dagaa wengi. Misri, nchi inayoongoza Afrika kwa samaki wa kufugwa na ambayo sato ndiye nguzo yake, imejenga chakula chake kwa soya, sehemu kubwa ikiagizwa kutoka nje. Rosamond Naylor na wenzake, walioandika kwenye jarida la Nature mwaka 2000 kuonya kwamba ufugaji wa samaki wala nyama unakula samaki wa baharini kuliko unaotoa, walirudi kwenye jarida hilo hilo mwaka 2021 wakaonyesha jinsi vyakula vilivyobadilika na utegemezi huo ulivyopungua. Kwa mujibu wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 ufugaji ulizalisha wanyama wa majini wengi kuliko uvuvi kwa mara ya kwanza katika historia. Ongezeko hilo lisingewezekana kama kila samaki wa kufugwa angehitaji kulishwa samaki mwenzake.

Unga wa samaki wa dunia, kwa kweli, una kikomo kinachojulikana. Sehemu kubwa hutokana na dagaa wa Peru, anchoveta, na mkondo wa joto wa El Niño unapoingia samaki hao hupotea. Uvuvi huo uliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2023 serikali ya Peru ilifuta msimu wa kwanza wa kaskazini na kati mwa nchi. Bei hupanda dunia nzima, na mtengenezaji wa chakula wa Nairobi au Kampala huigeukia bidhaa iliyo karibu, yaani dagaa wa Victoria. Hapo ndipo mfanyabiashara wa chakula cha mifugo hukutana mwaloni na mama aliyekuja kununua debe la kuuza kijijini, na mwenye lori ndiye hushinda.

Dagaa hawa, omena kwa Wakenya na mukene kwa Waganda, kwa uzito ndio samaki wanaovuliwa kwa wingi kuliko wengine wote Ziwa Victoria. Huliwa wazima, na mifupa, kichwa na utumbo, hivyo humpa mlaji kalisi, chuma na vitamini A kwa bei ambayo hakuna samaki mwingine anaifikia. Hununuliwa kwa kikombe. Sato wa kufugwa huuzwa kwa kilo, na anayeweza kumnunua si yule aliyekosa dagaa. Kwa sababu hiyo sikubaliani na hoja kwamba kumlisha sato dagaa ni kubadilisha samaki duni kuwa samaki bora. Kwa lishe, mtoto wa miaka miwili anapata zaidi katika kiganja cha dagaa kuliko katika kipande cha mnofu wa sato.

Upo upande wa pili unaopaswa kusemwa. Dagaa wengi huingia kwenye chakula cha mifugo kwa sababu tayari wameharibika. Huanikwa mchangani, mvua ikinyesha huoza, na bei yake huanguka hadi kiwango ambacho ni kiwanda tu kitakachowataka. Hao hawakuibiwa mdomoni mwa mtu. Lakini jibu la hasara hiyo ni vichanja vya kuanikia na makaushio ya jua, ambavyo vimeshaonekana kufanya kazi kwenye mialo kadhaa ya nchi zote tatu. Na kwa mfugaji wa samaki dagaa hao si rahisi kama wanavyodhaniwa. Tia kiganja cha unga wake kwenye glasi ya maji, ukoroge, uache dakika chache. Mchanga utakaotuama ni pesa yako. Waliooza, mafuta yao yamechacha, na mafuta yaliyochacha huharibu vitamini E na ini la samaki.

Hapa niguse udanganyifu wa namba. Protini inayoandikwa kwenye gunia ni protini ghafi: maabara hupima nitrojeni na kuizidisha kwa 6.25. Kipimo hakiulizi nitrojeni hiyo imetoka wapi. Manyoya ya kuku yana protini ghafi ya zaidi ya asilimia 80, ila yasipopikwa kwa mvuke wenye shinikizo kubwa, samaki hayameng'enyi. Mwaka 2007 iligundulika huko Marekani kwamba melamini, kemikali ya viwandani yenye nitrojeni nyingi, ilitiwa kwenye malighafi za chakula cha wanyama kutoka China ili kupandisha namba hiyo, na ikafika hata kwenye chakula cha samaki. Magunia mawili yaliyoandikwa asilimia 30 yanaweza kutofautiana kiasi cha kumfilisi mtu.

Kati ya dagaa na mimea kuna kundi la tatu, protini ya mabaki ya wanyama, na binafsi naliona lina thamani kuliko linavyopewa. Viwanda vya minofu ya sangara hubakiza mapanki, vichwa na matumbo, nusu ya samaki au zaidi. Mapanki mengi huliwa na watu, na yaendelee kuliwa, lakini matumbo na mabaki ya mwisho hufaa kusagwa ingawa majivu yake ni mengi. Unga wa damu una laisini tele na protini ya asilimia 80 na zaidi, lakini una isolusini, nyingine kati ya zile asidi amino kumi, kidogo mno, na ukikaushwa kwa moto mkali haumeng'enyeki; asilimia tatu hadi tano ya chakula inatosha. Kambale wa mabwawa ya karibu na machinjio ya kuku huishi kwa matumbo yaliyochemshwa, na hukua kweli, mradi yachemshwe.

Kundi hili lina maswali mawili ambayo hayapaswi kufunikwa. La kwanza ni la afya. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku unga wa nyama na mifupa kwa wanyama wa kufugwa mwaka 2001 kwa sababu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, kisha mwaka 2013 ukaruhusu tena protini za wanyama wasiocheua kwa samaki, na mwaka 2017 ukaruhusu za wadudu. Anayetaka kuuza samaki nje afuate mstari huo. La pili ni la dini. Damu ni haramu kwa Mwislamu, na fiqhi ina hukumu kuhusu jalala, mnyama aliyelishwa najisi: wanazuoni wengi wanataka atengwe alishwe chakula safi kwa muda kabla ya kuliwa. Mnunuzi wa Tanga au Mombasa ana haki ya kujua sato wake alilishwa nini, na mfugaji anayemficha atapoteza soko siku moja kwa neno la sokoni.

Wadudu ndio wapya wanaozungumzwa sana. Mabuu ya nzi mweusi, ambaye wafugaji humwita kwa kifupi BSF, hula mabaki ya sokoni na jikoni na kugeuka protini ya asilimia 40 hadi 45, zaidi ya hapo mafuta yakikamuliwa. Kituo cha icipe jijini Nairobi kimeyafanyia utafiti wa miaka, na Kenya na Uganda zimeweka viwango vinavyoruhusu wadudu kwenye chakula cha mifugo. Laisini yake ni nzuri; methionini iko chini ya ile ya dagaa. Kasoro ni mbili: mafuta yake yanachacha haraka yasipokamuliwa, na uzalishaji bado ni mdogo kuliko mahitaji ya vizimba. Kwa mwenye mabwawa mawili matatu karibu na soko, hata hivyo, ni protini isiyomnyang'anya mtu chakula. Sioni kiungo kingine kinachoweza kusema hivyo kwa ukamilifu, hata soya, ambayo Tanzania ilifunguliwa soko lake nchini China mwaka 2020, ambayo kuku wanaigombania, na ambayo ikiagizwa kutoka Brazil huja na ukataji wa misitu na savana za huko.

Tuweke haya yote kwenye chombo kimoja. Kwa kilo 100 za chakula cha sato wa kunenepesha: mashudu ya soya kilo 35, mashudu ya alizeti 25, pumba za mahindi 25, unga wa muhogo saba wa kushikanisha, dagaa watano, na kilo tatu za mafuta, madini na vitamini. Protini inafika asilimia 28 na nusu. Laisini inafika gramu 15 kwa kilo, juu kidogo ya mahitaji, na methionini pamoja na sistini, asidi amino ya jamii yake, inatosha kwa shida. Badala ya dagaa weka mabuu, namba zinasogea kidogo tu. Punguza soya ukaongeza alizeti, laisini inaanguka mara moja. Kwa uwiano wa kilo moja na gramu 600 za chakula kwa kilo ya samaki, sato atakuwa amekula gramu 80 za dagaa, zenye protini ya gramu 48, na kutoa 160. Kwa kambale mchanganyiko huu haufai. Aongezewe protini hadi 35 na sehemu ya wanyama ipande, ikitoka kwenye mabaki ya machinjio na mabuu kwanza.

Mabadiliko ya haraka zaidi yangeanzia kwenye lebo ya gunia. TBS, KEBS na UNBS, taasisi za viwango za Tanzania, Kenya na Uganda, tayari zinakagua protini ghafi. Zikiongeza madai manne, yaani kiasi cha laisini, kiasi cha methionini, majivu, na asilimia ya samaki waliomo, mtengenezaji hataweza tena kuuza manyoya na mchanga kwa jina la protini, na mwenye kizimba wa Ukerewe au Usenge ataweza kulinganisha magunia mawili kwa bei ya kile samaki wake atakachokitumia kweli. Vipimo hivyo maabara zetu zinaviweza, majivu na laisini vikiwa vya kwanza kuanza navyo.